Maji ya Eldoret hayafiki nyuzi 100

Najua nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi. Kazi zilinilemea, na moja ya kazi hizo ndiyo iliyonirudisha hapa na mada isiyohusu simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo nataka tuzungumze kuhusu falsafa ya fizikia. Tafadhali usikimbie. Tutaanzia jikoni, kwenye sufuria.

Binti ya shangazi yangu anasoma shule ya sekondari hapa hapa Uasin Gishu. Jumamosi moja alinipigia simu.

"Kaka, nikuulize kitu. Maji yanachemka kwa nyuzi ngapi?"

Nikamwambia inategemea uko wapi. Akanyamaza kidogo.

"Basi mimi nilikuwa sawa."

Kumbe walikuwa maabara, wakachemsha maji, na kipimajoto chake kikasimama kwenye 93. Akaandika 93. Mwalimu akampigia mstari mwekundu na kumwambia aandike 100, kwa sababu maji huchemka kwa nyuzi 100 na vipimajoto vya shule ni vya zamani. Wenzake wote walikuwa na 100 kwenye madaftari yao. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na 93, na walimcheka.

Nilicheka pia, lakini kwa sababu nyingine. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, katika shule tofauti na hiyo, mimi nilisoma 93 na nikaandika 100. Sikuambiwa na mtu. Nilitazama kipimajoto, nikatazama kitabu, nikaamua kitabu ndicho chenye macho mazuri. Sisi wanafunzi tulikuwa na jina la kazi hiyo: kupika data. Hata ile pendulo ya kutafuta nguvu ya mvutano tuliipika. Tulianza na jibu tulilotaka kupata, tukarudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye sekunde za kujaza katika jedwali. Grafu zetu zilikuwa nyoofu kama barabara ya Lodwar.

Sasa, kwa wale mnaoishi pwani na mnashangaa, hesabu yenyewe ni hii. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni chache kuliko iliyo juu ya Mombasa, kwa hiyo inayakandamiza maji kidogo zaidi. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyo juu. Hewa ikiwa nyepesi, mvuke hauhitaji joto jingi hivyo. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 unazopanda, ondoa nyuzi moja. Gawa 2,100 kwa 300, unapata 7. Toa 7 kwenye 100. Ni 93. Nairobi ni kama 94. Iten, walikojaa wakimbiaji, ni 92. Ndiyo maana maharagwe na githeri huku kwetu hukaa motoni muda mrefu kuliko Malindi.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba mji huu mzima unaishi kwa kujua kwamba hewa yake ni nyepesi. Wazungu wanapanda ndege kuja kukimbia hapa kwa sababu hiyo. Muulize mwendesha bodaboda yeyote kwa nini wanariadha wanakuja Iten, atakueleza vizuri kabisa. Lakini ukiingia maabara ya shule, hewa inashuka ghafla mpaka usawa wa bahari.

Tazama basi mambo yalivyo hapa. Kuna namba iliyosomwa kwa macho, 93. Kuna namba iliyotoka kwenye kitabu, 100. Na kuna mwalimu anayesema kwamba zikigombana, macho ndiyo yaliyokosea. Ugomvi huu una umri wa miaka zaidi ya elfu mbili, na wanafalsafa wameupa majina. Upande mmoja wanasema elimu yote huingia kupitia hisia: ulichokiona, ulichokigusa, ulichokipima. Huo huitwa empirisizimu. Upande wa pili wanasema kwamba kilicho hasa ni wazo, na ulimwengu tunaougusa ni nakala chafu ya wazo hilo, au kwamba akili yetu ndiyo inayouwekea ulimwengu umbo. Huo ni udhanifu. Plato alikuwa kiongozi wa watu hao. Kwake hakuna duara la kweli duniani, duara la kweli liko kwenye mawazo tu. Kuna wengi waliokaa katikati, kama Kant, lakini sitaki kumwingiza Kant hapa kwa sababu hatutatoka leo. Mimi nitawaita kambi ya kipimajoto na kambi ya fomula.

Fizikia ya hesabu ndiyo mahali ambapo ugomvi huu unauma zaidi. Ukiandika mlinganyo, umeandika nini? Ni muhtasari tu wa vipimo vingi, kama vile ninavyobana faili kubwa iwe ndogo? Au ni sheria yenyewe, na vipimo ni mwangwi wake?

Afrika Mashariki tuna shujaa wa kambi ya kipimajoto, na ni vizuri kumkumbuka kwa usahihi kwa sababu hadithi yake huwa inasimuliwa nusu tu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anawahi na maziwa ambayo hakuyachemsha. Akaogopa kukosa nafasi, akayaingiza yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akakutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wauzaji huweka mchanganyiko ukiwa moto kwa sababu huganda haraka. Alipofika sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu wote. Tangu hapo, darasa likawa na msemo: ukikosea hesabu, hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Mimi nikisoma hapo huwa naisikia sauti ya darasa la binamu yangu. Kicheko ni kile kile.

Halafu akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akauliza swali lake mbele ya watu wote. Wenzake walimwona anawaaibisha. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, na kurudi Dar akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaja na majibu: kweli maji ya moto yaliganda kwanza. Kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hilo mpaka wapate jibu sahihi. Osborne mwenyewe ndiye aliyeyasimulia haya. Mwaka 1969, yeye na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi.

Hapo ndipo wengi wetu huishia. Kijana alikuwa sahihi, mwalimu hakuwa, makofi. Tunapenda hadithi hii kwa sababu ni yetu. Lakini ukiwa mkweli lazima uendelee.

Mwaka 2012, Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza shindano la kueleza kwa nini maji ya moto huganda kwanza, na majibu zaidi ya 22,000 yakaingia. Fikiria, maelezo 22,000 ya jambo moja. Mtaalamu wa kompyuta akiona hivyo anapaswa kushuku kwamba labda jambo lenyewe halijathibitishwa. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wao. Walijaribu kwa uangalifu, wakapitia na vipimo vya watu wengine, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Waligundua pia kwamba ukihamisha kipimajoto kwa kama sentimita moja tu kwenda juu au chini ndani ya chombo, unaweza kujitengenezea athari ya Mpemba bila kukusudia.

Wasomaji, sentimita moja! Kambi ya kipimajoto inatuambia tuamini tulichopima. Sawa. Tulipima wapi?

Halafu mambo yakageuka tena, na mgeuko huu hausimuliwi sana huku kwetu. Mwaka 2017, Zhiyue Lu na Oren Raz walichapisha kazi ya hesabu tupu. Waliyaweka maji kando kabisa. Walichukua mfumo wa jumla unaopoteza joto na kuuliza kama hesabu inaruhusu kitu kilicho mbali zaidi kufika kwanza. Jibu: inaruhusu. Jaribu kufikiria mtu aliye Nakuru na mwingine aliye Burnt Forest, wote wanakuja Eldoret. Wa Burnt Forest yuko karibu, lakini akipotelea kwenye njia za panya za mashambani, wa Nakuru aliyebaki kwenye lami atampita. Joto moja peke yake halikuelezi mfumo uko wapi kwenye ramani yake. Mwaka 2020, Avinash Kumar na John Bechhoefer huko Kanada walionyesha jambo hilo kwa vitendo, wakitumia punje ndogo sana ndani ya maji, ikisukumwa na kushikiliwa kwa vifaa vya maabara. Sasa kuna hata wanaotafiti athari ya Mpemba kwenye fizikia ya kwanta.

Kwa hiyo yule kijana wa Magamba, shujaa wa kambi ya kipimajoto, bado anabishaniwa kwenye maji na maziwa, lakini amepokelewa vizuri sana na kambi ya fomula. Jina lake limehama kutoka friji ya shule mpaka kwenye milinganyo ambayo haina friji ndani yake. Sijui kama yule mwalimu angecheka au angelia.

Kama una shaka kwamba kambi ya fomula ina haki yoyote, twende Malindi. Kaskazini kidogo ya mji, kwenye ghuba ya Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa baharini la kurushia roketi, linaitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka pale. Wakaiita Uhuru. Hilo jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya astronomia mpaka leo, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne na hakuna aliyewahi kuniambia.

Kilichofanywa na Uhuru ndicho ninachokitaka. Mwaka 1916, Mjerumani Karl Schwarzschild, akiwa jeshini wakati wa vita, alikuwa ametatua milinganyo mipya ya Einstein, na ndani ya suluhisho lake kulikuwa na kitu cha ajabu: ukilibana fungu la maada vya kutosha, hata nuru haitoki. Hakuna aliyekuwa amekiona. Hata Einstein hakukiamini. Mwaka 1939 aliandika makala kuonyesha kwamba vitu hivyo haviwezi kutokea. Kwa miaka zaidi ya hamsini, shimo jeusi lilikuwa wazo tu, mstari kwenye karatasi. Mtu wa kambi ya kipimajoto angekuwa na haki ya kusema: nionyeshe.

Uhuru ilipoitazama sehemu moja ya anga, kwenye chanzo kiitwacho Cygnus X-1, iliona eksirei zikipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hesabu yake ni rahisi na unaweza kuifanya mwenyewe. Kitu hakiwezi kuwaka na kufifia chote kwa pamoja haraka kuliko nuru inavyoweza kukivuka. Kwa sekunde moja nuru husafiri kilomita 300,000. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4. Basi hicho kinachomemetuka ni kidogo kuliko jua. Baadaye, Louise Webster na Paul Murdin, na Tom Bolton kwa upande wake, walipima jinsi nyota kubwa iliyo jirani inavyozungushwa na kitu hicho kila siku 5.6, na uzito ukawa mkubwa mno kwa kitu kidogo hivyo. Leo tunajua kina uzito wa kama majua 21. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali ameshindwa.

Hesabu ilijua kwanza. Uhuru ikaenda kuangalia.

Ndiyo maana siwezi kumwambia binamu yangu kwamba macho ndiyo kila kitu. Ernst Mach, mwanafizikia aliyeheshimiwa sana, alikataa atomu kwa miaka mingi kwa sababu hakuna aliyeiona. Alikuwa mwaminifu kwa kanuni yake, na kanuni yake ilimpoteza.

Lakini kambi ya fomula nayo ina mgonjwa wake, na simwachi. Arthur Eddington alisafiri mpaka kisiwa cha Principe mwaka 1919 kupiga picha za kupatwa kwa jua ili kuona kama nuru inapinda kama Einstein alivyosema. Huo ni moyo wa kambi ya kipimajoto: panda meli, ingia mvuani, pima. Mtu huyo huyo, miaka kumi baadaye, alikuwa ameshaanza kuamini kwamba malighafi ya ulimwengu ni akili, na kwamba sheria za msingi za fizikia zinaweza kupatikana kwa kufikiri tu. Mwaka 1935 alisimama mbele ya wenzake London kumpinga kijana wa Kihindi, Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye hesabu yake ilionyesha kwamba nyota nzito haiwezi kutulia mwishoni mwa maisha yake. Eddington alisema lazima kuwe na sheria ya kuizuia nyota kufanya upuuzi kama huo. Kuna pia namba moja ya fizikia ambayo alithibitisha kwa mantiki kwamba lazima iwe 136. Vipimo viliposogea karibu na 137, akathibitisha kwa mantiki kwamba lazima iwe 137. Waliomcheka wakambandika jina la Sir Arthur Adding-One, yaani Bwana Ongeza Moja. Leo namba hiyo ni 137.036 na bado hakuna anayejua inatoka wapi.

Ukiniuliza, Eddington wa 136 na mimi wa nyuzi 100 ni ndugu wa toka nitoke. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na akili.

Sasa nieleze kazi iliyoninyamazisha wiki tatu. Niliandika programu kwa ajili ya kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, sitakitaja. Wakulima wanaleta maziwa, yanamiminwa kwenye tangi la kupozea, na yanatakiwa kushuka mpaka nyuzi 4. Ndani ya tangi kuna kihisi kinachotuma joto kwenye seva kila dakika. Vihisi vya bei nafuu husema uongo mara kwa mara: mara 85, mara -127, bila sababu. Kwa hiyo nikafanya alichofundishwa kila mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta. Nikachukua kanuni ya Newton ya kupoa, ile ile iliyomtesa Mpemba Iringa, nikaiweka kwenye msimbo, na nikaandika sharti: kipimo kikitofautiana na fomula kwa zaidi ya nyuzi 3, kihesabu kuwa hitilafu ya kihisi, kitupe, weka thamani ya fomula mahali pake. Mstari kwenye skrini ukawa laini, mzuri. Meneja alifurahi. Mimi pia nilifurahi, nisidanganye.

Usiku mmoja mashine ya kukoroga ndani ya tangi ilisimama. Maziwa yakajipanga matabaka, ya baridi chini, ya vuguvugu juu. Kihisi kilichokuwa katikati kikasoma 11, 11, 11, usiku kucha. Programu yangu ikatupa kila kipimo kama takataka na kuandika 7, 5, 4. Asubuhi skrini ilikuwa ya kijani. Maziwa yalikuwa yameharibika.

Nilienda kituoni mwenyewe. Mzee mmoja wa kamati, mfugaji wa miaka mingi, alifungua kifuniko, akainama, akanusa, akanitazama.

"Kijana wangu, hii tarakilishi yako ina pua?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikasema, "Pole sana, mzee." Akasema pole haiwezi kugeuka mursik, na hata mursik inataka maziwa mazuri.

Niliporudi nyumbani nikafungua kumbukumbu za seva. Vipimo vyote vya 11 vilikuwa vimefutwa, kwa sababu niliviandikia amri ya kufutwa. Ushahidi wa kosa langu niliuona kwa bahati tu, kwenye nakala ndogo iliyobaki ndani ya kifaa chenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi ya yule fundi wa maabara wa Dar, ila mimi nilimwajiri mashine aifanye kila dakika, usiku na mchana, bila kuchoka.

Ni rahisi kusema kwamba fomula ilinidanganya. Haikunidanganya. Kanuni ya Newton, kwa jinsi nilivyoiandika, inadhani kwamba kitu kinachopoa kina joto moja kila mahali. Mashine ya kukoroga ndiyo iliyokuwa ikiifanya iwe kweli. Iliposimama, sharti likavunjika, na hakuna mahali kwenye msimbo wangu palipoandikwa kwamba sharti hilo lipo. Vivyo hivyo na nyuzi 100. Kitabu hakikusema maji huchemka kwa 100 kila mahali. Ukisoma vizuri kinasema kwenye mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Ule mstari mdogo ndio tuliouacha, mwalimu na mimi. Kwa kweli 93 haipingi nadharia hata kidogo. Nadharia yenyewe ndiyo inayoidai. Mwanafunzi anayeandika 100 hapa Eldoret amekosea mbele ya kambi zote mbili kwa wakati mmoja.

Wala kihisi si malaika. Kama kingefungwa chini, karibu na bamba la baridi, kingesoma 4 na maziwa yangeharibika juu yake bila msaada wa fomula yangu. Kusema "nimepima" ni kusema pia unajua kifaa chako kimekaa wapi na kinagusa nini, na hayo yote ni nadharia. Kipimajoto chenyewe ni nadharia iliyofungwa ndani ya kioo.

Msimamo wangu basi, kwa anayetaka kubishana nami: hesabu inaruhusiwa kwenda mbele ya macho kadiri inavyotaka, hata miaka hamsini kama ya Schwarzschild. Inaruhusiwa kuwa nzuri, kuwa ya ajabu, kuwa ya kichaa. Kisichoruhusiwa ni kuipa mamlaka ya kufuta kipimo. Schwarzschild hakumpaka mtu rangi machoni. Eddington wa 1935 alitaka anga litii. Na sisi waandika programu tumeingia kwenye nafasi hiyo bila kujua, kwa sababu siku hizi vipimo vingi vinapitia mikononi mwetu kabla ya mtu yeyote kuviona. Mvua, sukari kwenye damu, umeme, maziwa. Mahali fulani kuna kijana mwenye digrii aliyeandika sharti la kutupa visivyofanana. Na sasa tunafundisha mashine kwa data ambayo tayari imesafishwa namna hiyo, kisha tunashangaa inavyokubaliana nasi.

Binamu yangu nilimwambia aache 93 kwenye daftari, na chini yake aandike mwinuko wa Eldoret na ile hesabu ya kugawa kwa 300. Aliniuliza, "Na kwenye mtihani je, kaka?" Nikamwambia kwenye mtihani asome swali vizuri, kama limetaja usawa wa bahari au halikutaja. Hakuridhika sana. Mimi mwenyewe sikuridhika. Alama ni zake, si zangu. Lakini Jumatatu alimpelekea mwalimu hesabu, na nimesikia kwamba mwalimu aliikaa nayo kwa dakika kadhaa, akachemsha maji tena kwa kipimajoto kingine. Kikasoma 93. Akasema atatafuta cha tatu.

Programu nimeibadilisha. Sasa kuna safu tatu: kilichopimwa, kilichotabiriwa, na tofauti. Hakuna kinachofutwa, hata zile -127. Skrini ni mbaya kuangalia na meneja amelalamika mara mbili. Tangu juzi, tofauti kwenye tangi la pili imekuwa ikipanda polepole kila usiku, sasa ni 2.6. Mashine ya kukoroga inazunguka, nimeuliza. Kihisi ni kipya. Sijui ni nini. Kesho asubuhi naenda na kipimajoto cha mkononi, nipime juu, katikati na chini, na yule mzee amesema atakuwepo.